Kufunga pwani miezi mitatu kunatosha kuwarudisha kombe?

Mchokoaji wa Kusini: Assalaamu alaikum wanajukwaa. Mimi ni miongoni mwa wanawake wanaookota kombe, wale wanyama wa magamba mawili wanaojifukia mchangani, kila bamvua, maji yanapokupwa sana, katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja. Zamani ndoo ilijaa kabla maji hayajaanza kurudi. Siku hizi tunatembea mbali zaidi na tunaambulia nusu ndoo ya kombe wadogo. Kamati ya uvuvi ya shehia inataka kufunga pwani yote kwa miezi mitatu, kama inavyofanyika kwa pweza. Je, muda huo unatosha, na tutajuaje kwamba hali imeimarika?

Maalim wa Majini: Waalaykumu salaam, dada. Pweza si mfano mwema kwa kombe. Pweza hukua upesi mno na huishi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo miezi michache huonekana katika uzito wake. Kombe hukua polepole, na mkifungua pwani nzima siku moja, yote mliyoyahifadhi yatazolewa kwa bamvua moja. Isitoshe, kombe hutoa mayai na mbegu za kiume majini, na wakibaki wachache waliotawanyika, mbegu haziyafikii mayai. Ningetenga kipande kidogo kisichoguswa mwaka mzima, mahali walipo kombe wakubwa waliosongamana, kama ilivyofanywa kwa ajili ya chaza huko Fumba na Bweleo, katika Ghuba ya Menai.

Kuhusu kupima, nyosheni kamba kutoka ufukweni kuelekea majini, na kila baada ya hatua 10 lazeni fremu ya mita moja ya mraba, mhesabu kombe wote waliomo pamoja na waliojifukia, na mpime kila mmoja kwa rula kabla ya kumrudisha. Rudieni mistari ile ile ndani ya kipande na nje yake, mwezi baada ya mwezi.

Mzee wa Dago: Msiyasahau majaa ya magamba, yale malundo ya magamba yaliyotupwa tangu zamani. Linganisheni urefu wa magamba yaliyo chini kabisa, ambayo ni ya zamani, na ya juu, muone kama kombe wamekuwa wadogo. Kwetu ubishi ulikwisha siku hiyo hiyo.

Mchokoaji wa Kusini: Ahsanteni sana. La majaa halikunijia kabisa. Nani achague kipande?

Maalim wa Majini: Waokotaji wenyewe, kwa kuwa wajumbe wengi wa kamati ni wavuvi wa vyombo. Kiwe mahali panapoonekana kutoka majumbani, ila msiwafungie bibi wasioweza kwenda mbali sehemu yao ya karibu.