Pete ya msiba ya Nelson, loketi ya nywele na bruchi nyeusi: asili yake inathibitishwaje?

Mlinzi_wa_Kabati

Wakuu, naomba macho ya wanaojua. Kuna kisanduku cha vitu vya msiba, yaani vito vya kumkumbuka marehemu, kwenye familia moja ya Uingereza inayojihesabu kuwa uzao wa dada yake Admirali Horatio Nelson, yule aliyeuawa vitani Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Ndani mna vitu vitatu na kikaratasi.

Kwanza, pete ya dhahabu yenye uso wa mstatili wa enameli nyeusi, herufi N na B kila moja chini ya taji lake, na neno TRAFALGAR chini yake. Duara la nje limechongwa PALMAM QUI MERUIT FERAT, ndani "lost to his Country 21 Octr 1805 Aged 47". Haina mhuri wowote wa ubora wa dhahabu.

Pili, loketi ndogo yenye nywele zilizosukwa chini ya kioo. Inasemwa ni za Admirali.

Tatu, bruchi (pambo la kubana nguo) nyeusi yenye umbo la mkono ulioshika shada la maua. Inasemwa ilivaliwa kwenye mazishi ya St Paul's, tarehe 9 Januari 1806.

Kikaratasi kimeandikwa kwa wino kwamba vyote vitatu "vilitoka kwa Earl Nelson". Kimo ndani ya bahasha yenye gundi kwenye mfuniko wake.

Mnaanzia wapi? Na kuna lolote nisiloruhusiwa kuligusa kabla ya wataalamu hawajaona?

Tindikali

Mkuu, usipoteze muda. Pete ya dhahabu ya Uingereza isiyo na mhuri ni ya kuchonga baadaye. Sheria ya 1738 ilisamehe vito vingi visipelekwe kupigwa mhuri, lakini pete za msiba zilitajwa kwa jina kuwa hazisamehewi. Hakuna mhuri, hakuna pete.

Sonara wa Zamani

Hapo umekosea, Tindikali. Sheria unayoitaja ni kweli, lakini sheria kuwepo na warsha kuitii ni mambo mawili. Pete za msiba za miaka hiyo zisizo na mhuri ni nyingi. Kukosekana kwake hakumhukumu mtu. Kinachohukumu ni mhuri usiostahili kuwepo. Ukiona 9, 12 au 15 ndani ya pete inayodaiwa kuwa ya 1806, kazi imekwisha, kwa sababu karati hizo ziliruhusiwa Uingereza kuanzia 1854. Wakati wa Nelson kulikuwa na 22, na 18 ambayo ilianza kupigwa taji na namba yake 1798.

Sasa kwenye pete yenyewe. Hii ya N na B inajulikana vizuri. Wasimamizi wa wasia waliagiza pete 58 kwa John Salter, sonara wa mtaa wa Strand, London, ambaye alishawahi kumhudumia Nelson mwenyewe. Ziligawiwa kwa ndugu na marafiki. N ina taji la vaikaunti, cheo chake cha ukabaila cha Uingereza. B ni ya Bronte, uduki wa huko Sisili aliopewa na mfalme wa Naples mwaka 1799, kwa hiyo taji lake ni la duki. Kagua hilo kwanza, maana wanaonakili huweka taji moja mara mbili. Maneno ya Kilatini ni kaulimbiu ya Nelson: aliyestahili tuzo na aipokee.

Chukua lenzi ya sonara ya mara 10 na taa moja ya pembeni, usiangaze kutoka juu. Tafuta mambo haya:

Herufi za kuchongwa kwa mkono zina mkato wenye kingo kali na chini yake kunang'aa, na patasi inaonekana ilipoingia na ilipotokea. Herufi zilizomiminwa kwenye kalibu zina kingo zilizolainika kama sabuni iliyotumika, na mara nyingi kuna vitundu vidogo vya hewa.

Pima urefu na upana wa uso kwa vernia hadi sehemu ya 0.1 ya milimita. Nakala iliyomiminwa kutoka kwenye pete halisi huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, kwa kuwa dhahabu husinyaa ikipoa. Linganisha na iliyopimwa ya makumbusho. Makumbusho ya Kitaifa ya Bahari kule Greenwich wana zaidi ya moja.

Geuza duara na utafute mshono wa kulehemu. Pete ikipanuliwa au kupunguzwa, mshono hukata maandishi ya ndani. Tarehe au neno likiwa limekatika katikati na nafasi kati ya herufi haifanani, pete imekatwa. Hilo si kosa la asili, pete hizi zilivaliwa na warithi wenye vidole tofauti. Ila lehemu yenyewe ina maana: ikipimwa kwa mashine ya mionzi X na ikaonekana kadmiamu, metali ya lehemu za baadaye, matengenezo hayo si ya 1806.

Usiifanyie kipimo cha jiwe na tindikali. Inakwangua dhahabu, tena haikuambii mwaka. Na usimpe fundi aipashe moto kurekebisha ukubwa, enameli nyeusi itapasuka, na ikishapasuka hairudi.

Hati_na_Wino

Sonara amemaliza upande wa kitu. Mimi nauliza upande wa mikono iliyokishika. Kikaratasi kinasema "Earl Nelson", lakini Earl Nelson yupi?

Nelson mwenyewe hakuwa earl, cheo kilicho juu ya vaikaunti; yeye alikuwa vaikaunti. Cheo cha Earl alipewa kaka yake, Mchungaji William, Novemba 1805. William alifariki 1835, na pale urithi ukagawanyika njia mbili. Uearl ukaenda kwa mpwa, Thomas Bolton, aliyechukua jina la Nelson na kufa mwaka huohuo, kisha kwa mwanawe Horatio. Bronte ikaenda kwa bintiye William, Charlotte, aliyeolewa na Bridport mwaka 1810. Kwa hiyo vitu vya nyumba ya William vilitoka kwa milango miwili. Vingi vya upande wa Bridport viliuzwa kwa mnada Christie's mwaka 1895, na kitu kilichopita pale lazima kiwe na namba ya fungu kwenye katalogi.

Kama familia yako ni ya upande wa dada (Susannah Bolton au Catherine Matcham), hakuna sababu ya kuhitaji Earl hata kidogo, kwani dada walikuwa miongoni mwa ndugu waliostahili pete kwao wenyewe. Hapo kikaratasi kinakinzana na hadithi ya familia, isipokuwa kwa uzao wa Bolton, ambako ndiko walikotoka Earl wa kuanzia 1835. Aliyekiandika huenda alikuwa akikumbuka, si akishuhudia.

Sasa bahasha. Kabla ya stempu ya peni ya 1840 watu walikunja barua yenyewe na kuiziba kwa lakiri au kibandiko, kwa sababu posta ilitoza kwa idadi ya karatasi na bahasha ilihesabiwa. Bahasha yenye gundi mfunikoni ni ya baada ya hapo. Kwa hiyo bahasha ni ya angalau kizazi kimoja baada ya mazishi, ingawa kikaratasi chenyewe kinaweza kuwa cha zamani zaidi. Inua kikaratasi dhidi ya taa bapa yenye mwanga laini. Kikiwa na alama ya maji yenye mwaka, mwandiko hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka huo. Karatasi za Uingereza zilianza kuwekwa mwaka kwa wingi kuanzia 1794 kwa ajili ya ushuru.

Kazi ya kweli iko kwenye wasia. Tafuta wasia za kila mwenye kisanduku, moja baada ya nyingine. Za kabla ya Januari 1858 zilizothibitishwa na mahakama ya Canterbury ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, mfululizo wa PROB 11, baada ya hapo rejista kuu ya mirathi. Tafuta maneno "mourning ring" au "locket with hair" yenye maelezo yanayotosha kutofautisha kitu hiki na kingine. Pete tu bila maelezo haikusaidii, kwani wasia wa watu wa tabaka hilo ulijaa pete. Ukiruka kizazi kimoja bila hati, andika kabisa kwamba kizazi kile hakina hati. Pengo lililotajwa wazi linavumilika sokoni na makumbushoni. Pengo lililozibwa kwa "inasemekana" linaharibu hata sehemu zilizo na ushahidi.

Mhifadhi_Vazi

Nashughulikia bruchi na loketi.

Bruchi: mkono ulioshika maua ni umbo la kawaida sana la zama za Malkia Victoria, na mengi yake ni vulkanaiti, yaani mpira mgumu uliopikwa na salfa. Ufundi huo ni wa miaka ya 1840 na kuendelea, kwa hiyo haukuwepo kwenye mazishi ya 1806. Angalia kwanza rangi: vulkanaiti iliyokaa kwenye mwanga hugeuka kahawia au kijanivu, hasa upande wa mbele, na nyuma hubaki nyeusi. Tafuta mstari wa kalibu pembeni. Sugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto kidogo, kisha nusa. Salfa ikitoka, jibu umelipata.

Jeti ya Whitby (mji wa Uingereza), ule mti wa kale uliogeuka kama makaa, nayo ni nyepesi na haina ubaridi mkononi, kwa hiyo uzito peke yake hautenganishi. Kuikwaruza kwenye kigae kisichopakwa glasi pia hakutenganishi: zote mbili huacha mstari wa kahawia. Kioo cheusi ni kizito, baridi, na kinapovunjika ukingoni hutoa magamba kama ya chupa. Jeti huchongwa, haimiminwi, kwa hiyo mikato ya patasi huonekana kwenye vidole na petali. Msichome sindano ya moto ndani ya kitu hiki. Kipimo hicho kimetoboa bruchi nyingi bila sababu.

Msiioshe kwa maji ya moto. Vulkanaiti itageuka kahawia ndani ya dakika chache na itanuka.

Angalia pia pini ya nyuma. Kishikio cha zamani ni kulabu rahisi ya herufi C, na pini hupitiliza ukingo wa bruchi. Kufuli inayozunguka ni ya karne ya 20, ingawa pini hubadilishwa, kwa hiyo kishikio hakiamui peke yake.

Loketi: msiifungue wala kuilowesha. Maji yakiingia chini ya kioo, karatasi ya fedha au hariri iliyo nyuma ya nywele hupata madoa na msuko hulegea. Pigeni picha kwa mwanga wa urujuanimno: gundi za kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na za zamani, na hiyo inaonyesha kama loketi ilishafunguliwa na kujazwa upya.

Kuhusu nywele zenyewe: Nelson aliagiza zipelekwe kwa Lady Hamilton, na kishungi chake kiko Greenwich hadi leo. Mtu akiomba DNA, mwambieni hivi: nywele zilizokatwa hazina mizizi, kwa hiyo kinachopatikana kwa kawaida ni ya mitokondria tu, ile inayopita kwa mama. Uzao wa dada wa Nelson kupitia binti kwa binti unayo sawa na yake. Uzao wa binti yake Horatia hauna. Lakini hata zikifanana, zinaweza kuwa nywele za ndugu yoyote wa ukoo huo wa kike, na sampuli inayeyushwa. Kwa hiyo hakuna haja.

Mlinzi_wa_Kabati

Asanteni wakuu. Nimefanya yasiyodhuru tu.

Bruchi: kahawia mbele, nyeusi nyuma, mstari wa kalibu wazi, na salfa ilitoka mara tu ilipopata joto. Nitaandika "vulkanaiti, nusu ya pili ya karne ya 19" na kuitenga na pete.

Pete: mataji ni mawili tofauti, herufi ni za kuchonga, na mshono upo kati ya "1805" na "Aged". Nimeomba Greenwich vipimo vya uso wa pete.

Kikaratasi hakina alama ya maji. Swali lililobaki: nikipata wasia wa Matcham unaotaja "pete ya kaka yangu", nalihesabu?

Hati_na_Wino

Hapana, mpaka iseme ya msiba. Nelson alikuwa na pete nyingine za kawaida. Ukipata "iliyotolewa na wasimamizi wa wasia wa marehemu kaka yangu", hapo weka namba ya jalada na ukurasa kwenye karatasi ya kumbukumbu, siyo kwenye kisanduku.