Mafundi wa laptopu Kisumu, ni nani aliyewapa idhini ya kufuta kazi zetu?

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitajisumbua kuificha. Laptopu yangu iligoma kuingia Windows, nikaipeleka kwa fundi mmoja katikati ya mji wa Kisumu, na nilipokwenda kuichukua nikakabidhiwa mashine iliyopanguswa vumbi hadi katikati ya vitufe, yenye Windows mpya, yenye programu ambazo sikuziagiza, na isiyokuwa na faili hata moja ya kwangu. "Madam, sasa iko sawa kabisa," aliniambia kwa uchangamfu, kisha akadai shilingi 1,500. Nilipomuuliza mafaili yangu yako wapi, alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za mvua ya mwaka jana.

Duka hilo silitaji, na si kwa kumwonea mtu haya. Silitaji kwa sababu baada ya mkasa huo nilipita katika maduka mengine, kuanzia ya barabara ya Oginga Odinga hadi vibanda vya Kondele, nikieleza tatizo lile lile kana kwamba halijatibiwa, na kila mahali nikapewa jibu moja: itafomatiwa, yaani diski ifutwe yote. Hakuna aliyeniuliza mashine iliandika nini kwenye skrini. Bei zilitofautiana kidogo, dawa haikutofautiana.

Mashine yangu ilikuwa imeandika, tena kwa maneno yanayosomeka. Stima ilipotea jioni moja ya mvua ya radi, sasisho la Windows likiwa katikati ya kazi, na kwa kuwa betri yangu imechoka, laptopu ikazima papo hapo. Niliporudi kuiwasha, feni ilizunguka, nembo ikatokea, halafu ikaja skrini ya buluu yenye maelezo kwamba kifaa kinahitaji kurekebishwa, pamoja na namba 0xc000000f na njia ya faili inayoishia kwa herufi BCD. Niliipiga picha skrini hiyo kwa simu na nikampa fundi aione. Aliisukuma simu pembeni bila kuitazama, akasema kwamba "Windows imekufa", akabandika karatasi yenye jina langu kwenye kifuniko, akaiweka laptopu juu ya nyingine zilizokuwa zikisubiri hukumu hiyo hiyo.

Windows haikuwa imekufa. Maana ya namba hiyo nimeisoma baadaye katika maelezo ya Microsoft yenyewe, ambayo yako wazi kwa mtu yeyote mwenye simu na bando, na nitaieleza hapa kwa urefu kwa sababu ndiko kosa lote liliko. Tarakilishi za miaka hii zinapowashwa, programu ya UEFI iliyomo kwenye bodi hukagua vifaa, kisha hutafuta katika diski sehemu ndogo iliyotengwa, ambayo mara nyingi ina ukubwa wa megabaiti 100 hivi na imepangwa kwa mfumo wa FAT32. Humo ndimo anamokaa msimamizi wa kuanzisha Windows, na jirani yake ni faili ile ya BCD inayomwelekeza Windows iko sehemu gani ya diski na ianzishwe vipi. FAT32 haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea kama inavyofanya NTFS, mfumo unaotumika katika sehemu kuu ya Windows, kwa hiyo umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, ni rahisi ibaki nusu. Ikiharibika, msimamizi hajui pa kwenda, basi anasimama na kutoa ile skrini ya buluu. Ni sawa na bawabu aliyelowanishiwa daftari la namba za vyumba: wapangaji wote wamo ndani na vitu vyao, na kinachohitajika ni daftari jipya. Fundi wangu alichagua kubomoa ghorofa.

Daftari hilo jipya huandikwaje? Unatengeneza flashi ya kusakinishia Windows, ya gigabaiti 8 au zaidi, kwa programu ambayo Microsoft huitoa bure. Unaiwasha laptopu kupitia flashi hiyo, lakini badala ya kusakinisha unachagua kurekebisha tarakilishi, kisha unaiachia ijaribu kujitengeneza yenyewe. Ikishindwa, unafungua dirisha la amri, unahakikisha kwanza Windows imepewa herufi gani, kwa sababu katika mazingira hayo C inaweza kuwa si C uliyoizoea, halafu unaandika bcdboot C:\Windows ukiwa umeweka herufi sahihi. Amri hiyo hunakili upya faili za kuanzishia na kuiunda BCD kutoka katika Windows iliyomo tayari kwenye diski. Laptopu za zamani zisizotumia UEFI zina amri zao za bootrec. Hakuna hatua yoyote kati ya hizo inayogusa nyaraka, picha wala sauti za mwenye mashine. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua, na mtu anayejiita fundi wa tarakilishi na kulipisha watu kwa jina hilo anapaswa kuijua.

Haya, tuseme njia hizo zote zimeshindikana na ni lazima Windows iwekwe upya. Hata hapo bado hakuna ulazima wa kufuta. Diski yangu haikuwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski isisomwe bila ufunguo, kwa hiyo angeweza kuiwasha laptopu kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine usiotegemea Windows, na kunakili folda zangu hadi diski ya nje, au angeifungua, akaichomoa diski na kuisomea kwenye tarakilishi nyingine. Na kama alikuwa mvivu wa kufanya hata hilo, angesakinisha Windows juu ya sehemu ile ile bila kuifomati, na programu ya usakinishaji yenyewe ingezikusanya faili za zamani na kuziweka katika folda iitwayo Windows.old. Kwa maneno mengine, ili kazi zangu zipotee ilimbidi fundi aifikie orodha ya sehemu za diski, azichague, abonyeze kufuta, asome onyo kwamba kilichomo kitapotea, na akubali. Hapo palikuwa na onyo na palikuwa na kibonyezo cha kukataa. Asiniambie ilikuwa bahati mbaya.

Lililonichoma zaidi lilifuata. Alipoona sauti yangu inapanda, alisema kwamba ipo programu ya kurudisha vilivyofutwa, ila hiyo ni kazi nyingine yenye malipo yake, shilingi 6,000. Mtu anakufutia, kisha anakuuzia uokoaji! Na uokoaji wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, kwa sababu diski yangu ni ya SSD. Katika diski za zamani zenye sahani zinazozunguka, kilichofutwa hubaki mahali pake hadi kiandikiwe juu, na mwenye subira anaweza kuambulia kitu. Katika SSD, Windows inapofomati hutuma amri ya TRIM inayoiambia diski kwamba nafasi hizo hazihitajiki tena, na diski huzisafisha yenyewe kwa ndani. Juu ya hayo tayari alikuwa ameandika Windows nzima na michezo ambayo sijui aliniwekea ya nini. Nilimpa mtaalamu mwingine aikague, akapata majina machache ya faili ambazo ndani yake hamna kitu.

Kabla hamjaniandikia, najua jibu la kwanza litakuwa lipi: mbona hukuweka nakala? Niliweka. Maandishi yangu ya utafiti yamo kwenye hifadhi ya mtandaoni na yako salama. Kilichopotea ni sauti za mahojiano na akina mama wanaouza omena Dunga na Usenge, ambazo ni nzito mno kwa bando la mtu wa kawaida na ambazo nilikuwa naendelea kuzihamisha kidogo kidogo. Lakini hata kama nisingekuwa na nakala ya chochote, kukosa nakala hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kufuta. Ukipeleka gari gereji likiwa na mizigo kwenye buti, fundi haimwagi barabarani kwa hoja kwamba ungepaswa kuiacha nyumbani.

Na hili si la SSD yangu peke yake. Mwenzangu mmoja wa Kakamega aliamka akakuta laptopu inamwomba ufunguo wa tarakimu 48. Laptopu nyingi zenye Windows 11 huifunga diski zenyewe kwa BitLocker pale mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo ule huhifadhiwa katika akaunti hiyo hiyo. Badiliko fulani kwenye programu ya bodi linaweza kuifanya mashine iuulize. Angeingia katika akaunti yake kwa simu, angeusoma na kuuandika. Fundi alimwambia kwamba virusi vimeifunga mashine na dawa ni kufomati. Alifomati, akalipwa, akashukuriwa.

Nilinganishieni na mambo ya tarehe 19 Julai 2024, siku ambayo sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa tarakilishi, liliziangusha mashine za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5, safari za ndege zikakwama na mabenki yakapata shida. Mashine hizo nazo ziligoma kuingia Windows, zikawa zinarudia skrini ya buluu tu. Tiba iliyotangazwa ilikuwa kuingia kwa hali salama (Safe Mode) na kuondoa faili moja mbaya, na mahali ambapo diski ilikuwa imefungwa, kuuweka kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Fikirieni zile mashine zingeletwa kwa mafundi wetu.

Kuhusu hiyo Windows mpya niliyoletewa, nayo ina mambo yake. Laptopu yangu ilinunuliwa ikiwa na leseni halali ya toleo la Home, ambayo ufunguo wake umo ndani ya bodi na husomwa wenyewe wakati wa usakinishaji. Nimerudishiwa toleo la Pro lililoamilishwa kwa programu ya kuvunja leseni, pamoja na Office ya namna hiyo hiyo, na kinga ya virusi nimeikuta imezimwa, kwa kuwa programu hizo mara nyingi huzuiwa nayo ikiwa macho. Nilikuwa na mali halali. Nikalipa pesa ili igeuzwe ya wizi.

Nimesikia utetezi wao na sehemu yake naikubali. Wateja wengi hawataki kulipia uchunguzi. Wanataka mashine jioni, kwa bei ya chini. Kufomati kunaweza kufanywa kwenye laptopu kadhaa kwa mpigo huku fundi akinywa chai, ilhali kusoma hitilafu kunahitaji kukaa na mashine moja. Hiyo ni hoja ya kupanga bei ya uchunguzi. Mimi ningelipa mara mbili ya nilicholipa, kama ningeulizwa. Swali lenyewe ni fupi na halihitaji elimu yoyote: kuna kitu humu unachokihitaji? Mwanafunzi aliyepachikwa dukani kwa mafunzo ya wiki moja anaweza kuliuliza.

Badala yake, risiti niliyopewa ina muhuri mwekundu unaosema kwamba duka halitawajibikia data ya mteja. Risiti hiyo nilikabidhiwa baada ya kulipa, yaani baada ya data kwisha kufutwa. Sharti ninaloonyeshwa kazi ikiwa imekwisha siwezi kuambiwa kwamba nililikubali. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike na huduma hizo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro yake. Sikupewa maelezo, na hasara ninayo.

Kwa hiyo nimeandika barua ya madai na nitaipeleka dukani kwa mkono, nikidai kurudishiwa pesa zangu na kulipwa gharama ya kurudia mahojiano, nauli ya Usenge ikiwemo. Wakinipuuza, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Picha ya ile skrini ya buluu bado iko kwenye simu yangu ikiwa na tarehe na saa.

Ninachoomba kwenu ni vitu viwili. Mafundi mliomo humu, wa Kisumu, Nakuru, Eldoret au kwingineko, mnaofungua kazi kwa kusoma ujumbe wa skrini na kumuuliza mteja kabla ya kufuta, jitokezeni mtaje bei zenu za uchunguzi, maana watu wanawatafuta. Na kama kuna mtu aliyewahi kudai fidia ya data iliyofutwa mbele ya mahakama hiyo, aniambie thamani ya data aliithibitisha kwa njia gani, na kama hakimu alihitaji barua ya mtaalamu au risiti na picha zilitosha.