Makapi ya miwa nimetia kimea siku ya 9 leo hamna kitu, nakosea wapi?

MiwaBuguruni
Wakuu habari za saa hizi. Nina mashine ya juisi ya miwa hapa Buguruni, siku ya jua kali nabaki na makapi viroba vitatu na jamaa wa taka siku hizi anahesabu kiroba kimoja kimoja. Sasa nikaona video wazungu wanachukua mabua ya mahindi wanatia enzaimu yanakuwa sukari, sukari inachachushwa inakuwa mafuta ya gari, nikasema si ndo kazi ya kimea hii? Kwa bibi Moshi bila kimea cha ulezi hakuna mbege. Nikasaga kimea kilo 2, nikatia kwenye pipa na makapi, maji ya uvuguvugu na hamira. Siku ya kwanza na ya pili povu hilo, nikaanza kuhesabu hela ya petroli ya boda ntakayookoa, siku ya tatu kimya, leo ya tisa linanuka kama soksi za mgambo na mama mwenye nyumba kanipa mpaka jumapili niliondoe. Nyuzi ukizishika ziko vilevile. Au hamira niliuziwa feki?

fundi_kabureta
Usije ukaijaribu kwenye pikipiki yangu tafadhali 😂

BintiMaabara
Kaka hamira haina kosa. Lile povu ni sukari iliyobaki kwenye makapi maana mashine zetu hazikamui zikamaliza, pamoja na wanga wa kimea chenyewe. Vilipoisha hamira ikalala njaa, wakaingia bakteria, ndo hiyo harufu.

Kimea kina enzaimu inaitwa amilase (enzaimu ni kama mkasi mdogo wa kukata vitu), na amilase inakata wanga tu. Hata kwenye mate ipo, tafuna ugali mkavu bila mboga dakika nzima utasikia utamu unakuja. Makapi kilichojaa zaidi ni selulosi, ile inayojenga nyuzi za mmea. Zote mbili ni glukosi (sukari) zimeshikana, ila selulosi kiungo chake kimekaa tofauti kwahiyo inanyooka na kulaliana imebanana kama makuti yaliyosukwa, amilase hapo haina pa kushika. Inayoikata ni selulasi, nayo ni kundi: moja inakata katikati ya uzi, nyingine inamenya kuanzia mwisho inatoa glukosi mbilimbili, ya tatu inazitenganisha zile mbili. Ikikosekana moja wenzake wanakwama.

Kuvu maarufu wa kazi hii anaitwa Trichoderma reesei, alipatikana visiwa vya Solomon vita ya pili ya dunia, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zinaoza hovyo, kuja kuchunguza kumbe kuna kuvu anazila. Pamba si ndo selulosi yenyewe karibu tupu.

Ila hata nikikupa selulasi leo pipa lako litabaki vilevile. Selulosi kwenye muwa imefunikwa na lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu, lazima uifungue kwanza. Wenye viwanda wanapika kwa mvuke wa presha au asidi kidogo, joto 160 mpaka 200 huko, sufuria yako maji yakifika 100 yamechemka ndo basi. Halafu unapooza, unatia enzaimu, unashikilia joto kama nyuzi 50 siku mbili tatu. Na kuna sukari nyingine humo, zailosi, ambayo hamira ya dukani haili kabisa, wenzetu wameifanyia kazi kwenye jeni mpaka ikakubali.

Mjomba_Tabata
Binti kamaliza, mi niongeze hesabu. Chukua makapi kilo 20. Nusu ni maji, zimebaki 10. Selulosi humo tuseme kilo 4. Ukiikata yote bila kupoteza hata chembe unapata spiriti, hayo mafuta ya gari ya kwenye video yako, kama lita 2.9, na hiyo ni ya kwenye karatasi, uani kwako hata nusu yake ni bahati. Tena haitoki spiriti, yanatoka maji yenye spiriti asilimia tatu nne, utayachemsha kwa mkaa wa shilingi ngapi? Na jirani akiona unachemsha kitu kina bomba atajua gongo, mgambo hawana muda wa kusikiliza habari za selulosi.

Hata wakubwa wengine imewashinda. DuPont, kampuni kubwa ya kemikali ya Marekani, walifungua mtambo Iowa hukohuko Marekani 2015, mabua ya mahindi hayohayo ya kwenye video yako, 2017 wakatangaza wanaachana nao. Brazil spiriti wanaweka kwenye magari toka miaka ya 70 ila nyingi inatoka kwenye juisi ya muwa, na juisi wewe unauza kwa glasi, unapata zaidi.

MiwaBuguruni
Shikamoo mjomba. Dada asante, nilikuwa nimeshaenda kumgombeza muuza hamira wa watu. Sasa haya makapi niyafanyeje jamani maana hata kuyapa ng'ombe nimeambiwa hawayapendi

BintiMaabara
Ng'ombe mwenyewe hana selulasi, anafuga vijidudu tumboni ndo vinamkatia. Hao ndo wa kuazima. Katakata makapi madogo kabisa, changanya na samadi na yale majani ya tumboni kutoka machinjioni, funga pipa hewa isiingie, unapata gesi ya kupikia. Polepole lakini, lignini haina haraka, na usijaze makapi matupu.

Mjomba_Tabata
Marahaba. Au yaanike, yachome kwenye pipa lenye hewa kidogo, saga, changanya na uji wa muhogo, finyanga mkaa. Mama mwenye nyumba mpelekee wa kwanza.

MiwaBuguruni
Mkaa ntaanza nao wiki hii. Vingunguti ni hapa jirani naenda kesho alfajiri, hayo ya tumboni wanauza au wanatupa?

fundi_kabureta
Mimi walinipa bure ya bustani. Nenda na ndoo yenye mfuniko unaobana, mimi konda alinishusha kituo cha kwanza tu.

MiwaBuguruni
Si nikodi wewe na boda yako?

fundi_kabureta
Nipo Mbagala leo, mpaka keshokutwa 😂