Nimehamia Windows 11, saundi kadi yangu ya zamani imegoma

kinanda_ngamiani
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada nimeshachoka. Nina kastudio kangu hapa Tanga, Ngamiani barabara ya 12, narekodi qaswida za madrasa, taarab, na madogo wa singeli wakija siwafukuzi. Ile desktopu yangu ya Windows 7 iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, nikajikamua nikachukua laptopu yuzdi ina Windows 11. FL Studio, programu yangu ya kurekodia, imeingia vizuri tu, shida ni saundi kadi. Ni ya USB, ya zamani, ina matundu mawili ya maiki, kampuni siitaji, draiva yao (ile programu ya kuiunganisha na Windows) ya mwisho ni ya 2012. Naiinstoli inaniambia imemaliza, narestati, naingia FL kwenye orodha ya ASIO haipo. Mara moja ilitokea nikashangilia, nilivyozima na kuwasha ikapotea, yaani waja leo waondoka leo. Kwa sasa natumia sauti ya laptopu yenyewe lakini jana kuna bibi wa taarab aliimba mistari miwili akavua hedifoni, "mwanangu, mbona sauti yangu yaja nyuma yangu?" Niitupe kadi au nirudi Windows 10? Na hela ya kununua nyingine sina, nasema mapema.

jamaa_wa_makorora
nunua nyingine tu mkuu, hiyo peleka makumbusho 😂

kinanda_ngamiani
Hujasoma hadi mwisho wewe.

fundi_raskazone
Mgosi usitupe kitu. FL haina kosa na kadi inawezekana nzima kabisa, aliyekataliwa mlangoni ni draiva. Programu ya muziki inaongea na kadi kupitia ASIO, hiyo Steinberg wa Ujerumani waliileta 1997 ili sauti isipite kwenye miksa ya Windows ikachelewa huko. Ila nyuma ya ASIO lazima kuwe na draiva ambayo mfumo umeikubali, na Windows 11 ni mkali kuliko hiyo 7 uliyoizoea. Toleo la biti 32 halina kabisa, kwaiyo draiva ya biti 32 hata uichape viboko haiingii. Alaf kuna kitu kinaitwa Memory integrity, kazi yake kuzuia draiva za kizamani zisiguse kiini cha mfumo. Fungua Device Manager, bofya mara mbili penye alama ya njano utuambie inaandika Code ngapi. Ikiwa 52 ni saini ya draiva haitambuliki, ikiwa 39 mara nyingi ni hiyo Memory integrity. Windows 10 achana nayo, muda wake rasmi uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

kinanda_ngamiani
39

bagamoyo_ngomani
Tafuta Core isolation, izime Memory integrity, restati, kwisha habari. Huku Bagamoyo nimewafanyia watu wawili. Na nyie mnaotaka kununua laptopu muulize prosesa kwanza, zile za ARM zinaigiza programu za kawaida vizuri tu lakini draiva haziigizwi, lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM, na ya kadi ya zamani hutaipata.

fundi_raskazone
Kuizima itafanya kazi sikatai, ila laptopu ya studio inachomekwa flashi ya kila mtu na nusu yake zina virusi, mi nisingeacha mlango wazi. Mgosi anza na hivi: chomoa kadi, futa draiva ya kampuni yote, restati, chomeka bila kuinstoli kitu. Kadi nyingi za USB zinafuata utaratibu wa pamoja wa sauti na Windows ina draiva yake ya ndani. Ikijitokeza kama USB Audio Device umepona, weka ASIO4ALL juu yake, hiyo inaipa ASIO kadi isiyokuwa nayo, ni ya bure na ni ndogo haili bando. Bafa, yaani sampuli za sauti zinazokusanywa kabla ya kutolewa, weka 256, kwenye sampuli 44100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 5.8 za kuchelewa, ya 512 ni 11.6. Ikikwaruza panda, bibi akilalamika shuka.

kinanda_ngamiani
WAKUU IMETOKEA!! Nilifuta kila kitu nikachomeka ikasoma yenyewe, sikuamini nikachomoa nikachomeka tena. 256 ilikwaruza kidogo plagini zikiwa nyingi, nikagundua kumbe laptopu ilikuwa inatumia betri, nilivyochomeka chaja imetulia. Ile programu ya kampuni ya kurekebishia maiki haifunguki tena lakini vitufe vya juu ya kadi vinafanya kazi kwaiyo sijali. Bibi anakuja kesho baada ya adhuhuri. Swali dogo, nikiwa ndani ya FL nikifungua YouTube haitoi sauti, ni hivyo au nimekosea tena?

fundi_raskazone
Ndo hivyo, ASIO4ALL ikiishika kadi haigawi na mtu. Hata ukianza na YouTube alaf ukafungua FL inaweza kukwambia kadi haipatikani, usianze kufuta draiva tena, funga brauza tu. Ukitaka kusikiliza biti za watu hamia FL Studio ASIO, ile inayokuja na FL yenyewe, kwa muda, ukirekodi rudi.

jamaa_wa_makorora
sasa nimpeleke dogo wangu kurekodi bei gani? 😂

kinanda_ngamiani
Wewe bei ya makumbusho.