Mjadala: Fundi akubali kugusa mipaka ya diski huku seva ikifanya kazi?

Fundi wa Nyawera (mwanzisha mada): Wakubwa na wadogo wa Bukavu, shikamooni. Vituo vya afya na shule zetu vinaweka rekodi zote katika seva moja, mara nyingi kompyuta ya kawaida yenye Linux. Diski inajaa, fundi anaitwa, mwenye seva anasema: "Usizime, wagonjwa wako kwenye foleni." Mimi nasema fundi akubali kupanua patisheni (kipande cha diski chenye mipaka yake) seva ikiwa hai, lakini kupunguza akatae. Anayepinga alete sababu, asilete cheo.

Fundi wa Kadutu: Napinga yote mawili. Ukibadilisha patisheni inayotumika, programu ya fdisk inaandika jedwali jipya la mipaka kwenye diski, kisha inaiomba kerneli (kiini cha Linux) ilisome upya. Kerneli inaweza kukataa: kifaa kina shughuli. Hapo una ramani mbili, moja kwenye diski na moja kwenye kumbukumbu, na mashini inaendelea kuandika kwa ile ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi anachukua makuta yake anaenda. Usiku umeme unakatika, asubuhi seva inawaka kwa ramani mpya. Kama mwanzo wa patisheni ulikosewa hata kwa sekta moja (kipande kidogo kabisa cha diski), mfumo wa faili, yaani mpangilio unaobeba rekodi zote, hauonekani. Atalaumiwa nani? Umeme!

Fundi wa Nyawera: Mzee, hapo umeshitaki namba iliyokosewa. Hata ungeizima seva wiki nzima, sekta iliyokosewa ni ileile. Mwanzo usiguswe, mwisho usogezwe mbele, kisha amri ya partx iiarifu kerneli ukubwa mpya. Baada ya hapo mfumo wa faili wa ext4 inapanuka ikiwa imepachikwa, yaani imeunganishwa na inatumika, watu wakiendelea na kazi. Mfumo wa XFS vilevile, tena hiyo lazima iwe imepachikwa ndipo ipanuke. Kupunguza ndiko kusikowezekana namna hiyo: ext4 inataka ishushwe kwanza, yaani iache kutumika. Na aliyetumia LVM (njia ya kuunganisha diski kadhaa ziwe hazina moja) tangu mwanzo anaongeza diski ya pili, hagusi mipaka ya ile ya kwanza.

Mwanafunzi wa ISP (chuo cha ualimu): Samahani wakubwa. Kuna fundi alinionyesha kwamba diski ikitoka mashini nyingine ikakataa kuwaka, unabadilisha idadi ya silinda, vichwa vya kusomea na sekta, yaani namba za umbo la diski. Hiyo nayo inafanyika mfumo ukiwa unaenda?

Fundi wa Kadutu: Mdogo wangu, achana nayo. Namba hizo ni za enzi ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ya zamani, iliyohesabu mwisho silinda 1024, vichwa 255, na sekta 63 kwa kila njia. Zidisha kwa baiti 512 utapata takriban gigabaiti 8.4, na ndiyo sababu diski kubwa zilikwama pale. Leo diski inaitwa kwa namba ya sekta moja kwa moja, kuanzia sifuri. Vichwa 255 ndani ya diski ya laptopi vingekaa wapi? Njia za nje zina sekta nyingi kuliko za ndani, kwa hiyo hata hiyo 63 ni ya kubuni. Zinabaki na maana kwenye mashini kama zile za Windows XP, ambazo sekta ya kuwashia imehifadhi idadi ya vichwa. BIOS mpya ikihesabu tofauti, haiwaki. Hilo linatengenezwa mashini ikiwa imezimwa, ukiwa na nakala mkononi. Kwenye seva ya Linux iliyo hai, kubadilisha namba hizo hakukuongezei hata baiti moja.

Mhasibu wa kituo cha afya, Bagira: Aksanti kwa maelezo, ingawa nusu yake imenipita. Mimi ndiye ninayewaita ninyi. Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza kama tuna nakala. Wote wanauliza: "Mama, tuzime ao tusizime?" Nijibu nini, mimi najua? Mngeniambia kwamba kazi itasimama kuanzia saa nane hadi saa kumi, ningemwambia munganga aandike kwenye daftari. Daftari tunalo siku zote, juu ya umeme huu wetu.

Fundi wa Kadutu: Umesikia, wa Nyawera? Foleni unayoiogopa ina daftari.

Fundi wa Nyawera: Nimesikia, ila sijahama. Kupanua bila kuzima ni kazi halali, mradi onduleri (betri ya akiba ya umeme) iwe na chaji na jedwali la zamani lihifadhiwe kwa amri ya `sfdisk -d` kwenye kifaa kingine. Ni faili ndogo ya maandishi, inaingia hata kwenye simu. Lakini Mama, faili hiyo inarudisha mipaka tu. Rekodi za wagonjwa zinahitaji diski ya nje, na kila nikiiweka kwenye bei mteja anaifuta. Kwenu itanunuliwa na nani: kituo, ao niiingize kwenye malipo yangu?

Mhasibu wa kituo cha afya, Bagira: Iandike peke yake kwenye fakturi, mstari wa kwanza. Nitaipeleka kwa kamati mwenyewe.