Je, mshauri wa uanuwai ana kazi gani katika utengenezaji wa gemu?

Kijana_wa_Makulu:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Sisi ni vijana wanne hapa Dodoma, tunatengeneza gemu ya simu yenye kisa cha kijiji cha Wagogo, na tumegawanyika. Mmoja wetu anataka tumtafute mshauri wa uanuwai, yaani mtu wa kukagua jinsi tunavyowaonyesha watu wa namna mbalimbali. Mwingine hataki hata kusikia, kwa kuwa mwaka 2024 alifuatilia malumbano kuhusu Sweet Baby, kampuni ya ushauri wa aina hiyo ya Montreal nchini Kanada iliyoshiriki katika gemu za God of War Ragnarök na Alan Wake 2, ambayo wachezaji wengi waliilaumu kwamba inalazimisha wahusika na ujumbe ndani ya gemu za wenyewe. Mshauri wa namna hii hufanya nini hasa, na je, kikundi kidogo kama chetu kinamhitaji?

Fundi_Ipagala:
Ndugu yangu, mshauri husoma hadithi, huangalia michoro na mazungumzo, kisha hutoa maoni. Uamuzi hubaki kwa mwenye gemu, na hadithi ikiwa mbovu, wa kuulizwa ni yeye. Nakubali kwamba gemu inayohubiri huchosha, lakini tazameni hasara ya kutouliza. Mwaka 2009 Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, walitoa Resident Evil 5, inayotokea Kijuju, eneo la kubuni huko Afrika Magharibi, na maadui wake wanaitwa Majini na wanazungumza Kiswahili. Kiswahili na Afrika Magharibi wapi na wapi? Mtu yeyote wa kwetu angelisema hilo kabla chai haijapoa.

Binti_Chamwino:
Naongeza jambo moja, nalo ni wakati. Kikundi fulani kiliwahi kuniomba nikague michoro ya ngoma ya muheme, na walikuwa wamechora wanaume waliotundika ngoma shingoni. Nilimpelekea bibi yangu. Aliishika simu mbali na macho, akaniuliza, “Hawa ni watu wa wapi?” Kisha akainuka, akabana ndoo tupu katikati ya mapaja, akainama kidogo na kuipiga kwa viganja, kwa sababu muheme ni ngoma ya wanawake na hupigwa hivyo. Niliporudisha jibu, michoro yote ilikuwa imekwisha kuunganishwa na fedha zimeisha, kwa hiyo gemu ilitoka na wanaume wale wale. Iliniuma sana. Linganisheni na Never Alone ya mwaka 2014, iliyotengenezwa pamoja na Cook Inlet Tribal Council, shirika la wenyeji wa asili wa Alaska: wazee na wasimulizi wa Wainupiaki, kabila la huko, walishirikishwa katika kuijenga hadithi yenyewe, na msimulizi anasikika kwa lugha yao. Hellblade ya mwaka 2017, ambayo shujaa wake husikia sauti kichwani, nayo ilijengwa kwa msaada wa Profesa Paul Fletcher, daktari wa magonjwa ya akili wa Cambridge, na wa watu ambao wenyewe husikia sauti. Na sauti hizo ndizo zilizoibeba gemu.

Mwalimu_Nkuhungu:
Nakubaliana na dada hapo juu, ila msimgeuze mtu mmoja kuwa mdomo wa kabila zima. Mgogo wa Mpwapwa na wa Manyoni wanaweza wasisimulie jambo moja kwa namna moja, kwa hiyo ulizeni watu watatu au wanne, na mkubali wakipingana. Tena kazi ya mshauri ni pamoja na kusema, “Hili liacheni.” Michoro ya miambani ya Kondoa imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, lakini kuna maeneo yake ambako wenyeji bado hufanya matambiko, na mimi nisingependa kuona tambiko la mtu limefanywa hatua ya kujipatia pointi.

Kijana_wa_Makulu:
Asanteni sana, wakubwa. Bahati nzuri ngoma bado hatujaichora. Dada Binti_Chamwino, tunaomba utufikishie shikamoo kwa bibi, na utuulizie kama Jumamosi atakuwa na nafasi na tumlipe kiasi gani kwa siku moja, kwa maana hatutaki kwenda mikono mitupu.