Udi na waridi kwenye pafyumu ya kupuliza

Swali: Nataka chupa ya ml 30, udi na waridi vya Kiarabu lakini nyepesi ya kuvaa ofisini. Nimeweka mafuta ya udi ml 3, waridi ml 1, nikajazia spiriti ya duka la dawa. Imeingia ukungu na udi umefunika kila kitu. Nirekebisheje?

Jibu: Ukungu ni maji. Spiriti ile kwa kawaida ni ya asilimia 70, mafuta hayayeyuki vizuri humo. Tafuta ethanoli (alkoholi) ya asilimia 95 au zaidi, isiyotiwa methanoli, alkoholi yenye sumu.

Jibu: Udi umezidi mno. Kwa ml 30: udi ml 0.5, sandali (mafuta ya msandali) 1.5, waridi 1, bergamoti (mafuta ya tunda la jamii ya machungwa) 1.5, iliyobaki ethanoli. Anza na udi, bergamoti mwisho. Chagua bergamoti iliyoondolewa bergapteni, kemikali yake ya asili, la sivyo ngozi inaweza kuungua juani.

Jibu: Aina ya udi nayo ina neno. Wa Assam, India, una harufu kali ya zizi, kwa ofisini mimi ningechukua wa Kambodia, mtamu zaidi. Usiihukumu pafyumu siku hiyohiyo: funga, weka gizani wiki 4, kisha chuja kwa karatasi ya kahawa. Na usipulizie kanzu nyeupe, udi huacha doa.